Georg Simon Ohm, Mwalimu Aliyeupima Ukinzani

Kisanduku cha betri

Je, umewahi kuisikia redio ambayo husema vizuri ikiwa na sauti ndogo, lakini sauti ikiongezwa hukwaruza, hukatika, kisha hunyamaza? Katika somo hili utajifunza sababu ya jambo hilo. Utasoma pia habari za mtu mmoja aliyeitafuta sababu hiyo kwa subira, miaka karibu 200 iliyopita.

Fikiri kwamba unakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, na kwamba nguzo za umeme hazijafika nyumbani kwenu. Babu yako ana redio ndogo inayotumia volti 6, nawe umeamua kumtengenezea chombo cha kuipatia umeme. Unachukua kipande cha ubao na kupanga juu yake betri 4 za tochi, moja nyuma ya nyingine, ncha chanya ya moja ikigusa ncha hasi ya inayofuata. Kila betri ina volti 1.5. Kisha unapigilia misumari 4 ubaoni, na kila msumari unauunganisha kwa waya na mwisho wa betri moja. Waya mmoja wa redio unaufunga mwanzoni mwa safu ya betri. Waya wa pili unaugusisha kwenye msumari wowote uutakao. Ukiugusa msumari wa kwanza, unapata volti 1.5, wa pili, volti 3, wa tatu, volti 4.5, na wa nne, volti 6. Sasa unacho chombo cha umeme ulichokitengeneza kwa mikono yako, nacho chaweza kuongezwa na kupunguzwa upendavyo.

Unaazima voltimita ya shule na kupima. Voltimita ni chombo kinachoonyesha idadi ya volti. Kinaonyesha volti 6 kamili, nawe unafurahi. Babu anafungua redio, na sauti ndogo inasikika. Lakini anapoongeza sauti ili asikie taarifa ya habari, redio inakwaruza na kunyamaza. Unaiondoa redio na kupima tena. Voltimita inaonyesha volti 6 kamili, kama kwanza!

Hapo watu wengi husema kwamba redio ndiyo mbovu. Lakini redio hiyohiyo, ikitiwa betri mpya ndani yake, husema vizuri hata kwa sauti kubwa. Basi redio ni nzima, na voltimita haina kosa. Kosa liko wapi?

Wazee wa Unyamwezi wangeweza kutusaidia kufikiri. Katika karne ya 19 wapagazi wengi walisafiri kwa miguu kati ya Tabora na pwani ya Bagamoyo, kila mmoja akiwa amebeba mzigo uliokaribia kilo 30. Mpagazi hodari hakujulikana kwa kutazamwa akiwa amesimama kivulini. Ilibidi atwikwe mzigo na kutembea, ndipo nguvu zake zijulikane.

Chombo cha umeme nacho ni vivyo hivyo. Kitu chochote kinachotumia umeme, kama redio, balbu au mota, huitwa mzigo. Voltimita huchukua umeme kidogo mno, kwa hiyo ulipopima bila redio, ulikipima chombo chako kikiwa kivulini. Hukuwa umekitwika mzigo bado.

Mtu wa kwanza kuieleza siri hii kwa hesabu alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Georg Simon Ohm. Sikiliza habari zake.

Mtoto wa fundi makufuli

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, ambao leo umo katika nchi ya Ujerumani. Siku hizo Ujerumani haikuwa nchi moja, bali ilikuwa imegawanyika katika falme na tawala nyingi. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi makufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani. Wazazi hao walipata watoto saba, lakini ni watatu tu waliokua hadi utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Georg alipokuwa na umri wa miaka 10, mama yake alifariki.

Baba yake hakuwa amesoma shule za juu. Hata hivyo, alipenda elimu sana, na alijifundisha mwenyewe hesabu na sayansi kwa kusoma vitabu. Elimu aliyoipata aliwagawia wanawe. Katika nyumba ile, Georg alijifunza mambo mawili pamoja: kufikiri kwa hesabu, na kutumia mikono kutengeneza vyombo vidogo vya metali kwa uangalifu. Utaona baadaye jinsi mambo hayo mawili yalivyomfaa.

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu cha Erlangen. Usidhani kwamba alikuwa mwanafunzi mwema tangu siku ya kwanza. Alipenda mno kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi, akaviacha vitabu. Baba yake alikasirika kuona mwanawe anapoteza nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Mwaka 1806 Georg aliondoka chuoni, akaenda Uswisi kufundisha hesabu katika shule moja. Alikuwa na miaka 17 tu. Huko alitulia na kuanza kujisomea kwa bidii. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, akafanya mtihani, na kupata shahada ya udaktari.

Lakini shahada haikumletea mali. Alifundisha kwa muda mfupi katika chuo kikuu hicho kwa malipo madogo. Kisha, mwaka 1813, alikwenda kufundisha katika shule moja duni ya mji wa Bamberg. Mwaka 1817 alichapisha kitabu cha jometri. Kitabu hicho kilimfikia mfalme wa Prusia, na mwaka huohuo Ohm alipewa kazi ya kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya mji wa Köln. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri. Kwa mara ya kwanza Ohm alikuwa na chumba na vyombo vya kufanyia majaribio.

Jaribio lililokosea

Siku zile umeme ulikuwa jambo geni. Mwaka 1800 Mwitalia aitwaye Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Alipanga sahani za metali mbili tofauti, na kati yake akaweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba waya unaopitisha umeme huisukuma sindano ya dira iliyo karibu. Watu walijua basi kwamba umeme hupita katika waya, lakini hawakujua kanuni yake. Kwa nini waya mrefu hupitisha umeme kidogo kuliko waya mfupi? Umeme hupungua kwa kiasi gani? Hakuna aliyeweza kujibu kwa hesabu.

Ohm aliazimu kupima. Alitengeneza chombo chenye sindano ya sumaku iliyoning'inizwa kwa utepe mwembamba wa metali juu ya waya. Umeme ulipopita katika waya, sindano iligeuka. Ohm aliusokota utepe polepole mpaka sindano ikarudi mahali pake, kisha akasoma kiasi alichosokota. Umeme ulipokuwa mwingi, alilazimika kusokota zaidi. Mikono iliyofunzwa katika karakana ya makufuli ilimsaidia sasa.

Umeme wenyewe aliupata kwa betri ya namna ya Volta, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kila alipounganisha waya, sindano haikutulia. Mara baada ya kuunganisha, nguvu ilikuwa kubwa, kisha ikashuka. Alipoukata umeme na kungoja kidogo, nguvu ilirudi. Alipounganisha tena, ikashuka tena. Betri yake ilikuwa na hali ileile ya kisanduku chako: ilionekana nzima ilipopumzika, ikachoka ilipotwikwa mzigo.

Sababu mojawapo ya kuchoka huko ilikuwa ndani ya betri. Betri ya namna ile inapofanya kazi, vipovu vidogo vya gesi ya haidrojeni hujikusanya juu ya sahani ya shaba na kuuzuia umeme. Ikipumzika, vipovu hupungua.

Mwaka 1825 Ohm alichapisha matokeo yake ya kwanza pamoja na kanuni aliyoibuni kutokana nayo. Kanuni hiyo ilikuwa na kosa. Jifunze jambo hili vizuri: mtu ambaye leo jina lake linajulikana katika kila maabara ya dunia, kanuni yake ya kwanza haikuwa sahihi. Hakuficha matokeo yake, wala hakukata tamaa. Alirudi maabara na kujiuliza kosa limetoka wapi.

Barafu na maji yachemkayo

Mwanasayansi mmoja aitwaye Poggendorff, aliyekuwa mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri Ohm aiache betri ya Volta na kutumia chanzo kingine cha umeme. Chanzo hicho kilikuwa kimegunduliwa miaka michache nyuma na Thomas Seebeck. Seebeck aliona kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa ncha kwa ncha, na kiungo kimoja kikatiwa joto huku kingine kikiwa baridi, umeme mdogo hupita.

Ohm alichukua bismuthi na shaba. Kiungo kimoja alikiweka katika maji yachemkayo, na kingine katika barafu inayoyeyuka. Fikiri jinsi ushauri huo ulivyokuwa wa busara. Maji yakichemka, joto lake hubaki lilelile. Barafu ikiyeyuka, baridi yake nayo hubaki ileile. Kwa hiyo nguvu ya chanzo hiki haikupanda wala kushuka. Ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa thabiti, na sindano ilitulia.

Sasa Ohm aliweza kupima kwa uhakika. Alitayarisha nyaya 8 za shaba zenye unene mmoja na urefu mbalimbali. Waya mfupi kupita zote ulikuwa na inchi 2, na mrefu kupita zote inchi 130, yaani zaidi ya meta 3. Aliunganisha waya mmoja baada ya mwingine, akapima, akaandika. Kisha akarudia tena siku nyingine.

Hebu nawe ufikiri kidogo. Inchi 130 ni mara 65 ya inchi 2. Ungetazamia kwamba umeme katika waya mrefu utakuwa mdogo mara 65 kuliko katika waya mfupi. Lakini Ohm aliona kwamba ulikuwa mdogo karibu mara 7 tu! Je, kipimo chake kilikuwa na kosa? La. Ohm alitambua kwamba umeme haukupita katika waya ule peke yake. Ulipita pia ndani ya chanzo chenyewe na katika viungo vyote. Sehemu hizo zilikuwa zikiuzuia umeme kwa kiasi kilekile wakati wote, kana kwamba palikuwa na waya mwingine wa inchi 20 na robo uliofichika ndani ya chombo.

Jaribu hesabu hii. Ongeza inchi 20 na robo kwa inchi 2. Utapata inchi 22 na robo. Ongeza inchi 20 na robo kwa inchi 130. Utapata inchi 150 na robo. Sasa gawanya jumla kubwa kwa jumla ndogo. Jibu ni karibu 7, kama alivyoona Ohm katika vipimo vyake.

Hivyo mwaka 1826 Ohm alipata kanuni iliyo sahihi. Kile kinachouzuia umeme usipite kwa urahisi tunakiita ukinzani. Kiasi cha umeme kinachopita tunakiita mkondo. Kanuni yasema kwamba mkondo hupatikana kwa kugawanya nguvu ya chanzo kwa ukinzani wote ulio njiani. Angalia sana neno wote. Ukinzani wa mzigo huhesabiwa, ukinzani wa nyaya huhesabiwa, na ukinzani uliofichika ndani ya chanzo nao huhesabiwa.

Kitabu kisichopokelewa

Mwaka 1827 Ohm alichapisha katika mji wa Berlin kitabu kilichoeleza kanuni yake kwa hesabu kamili. Alitumaini kwamba kitabu hicho kingempatia kazi ya ualimu katika chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Wengi wa wanasayansi wa Ujerumani wa siku zile hawakuzoea kuona fizikia ikielezwa kwa hesabu nyingi namna ile, nao hawakukipokea kitabu chake vizuri. Ohm aliumia moyoni. Mwaka 1828 aliacha kazi yake ya Köln. Kwa miaka kadhaa aliishi Berlin kwa kufundisha hesabu saa chache kwa juma, akiwa na mapato madogo. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 40, hana cheo, na kanuni yake ilikuwa imepuuzwa na wengi.

Je, kanuni ilikuwa imeacha kuwa kweli kwa sababu watu hawakuisikiliza? La, hasha. Ukweli wa sayansi hautegemei idadi ya watu wanaousifu. Hutegemea vipimo, na vipimo vya Ohm vilikuwa sahihi.

Mwaka 1833 Ohm alipata kazi katika shule ya ufundi ya mji wa Nürnberg. Polepole, wanasayansi wa nchi nyingine walianza kuitumia kanuni yake na kuona kwamba haiwadanganyi. Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha Wanasayansi cha London kilimpa Nishani ya Copley, ambayo ilikuwa heshima kubwa kabisa ya chama hicho. Mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 63, alipewa uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu cha München. Cheo alichokitamani tangu ujana alikifurahia kwa miaka miwili tu. Alifariki huko München tarehe 6 Julai 1854.

Baada ya kifo chake kanuni yake ilizidi kuhitajika. Watu walianza kutandaza nyaya za simu za maandishi juu ya nchi na chini ya bahari. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo uliotandazwa baharini kutoka Aden ulifika Zanzibar. Mafundi wa nyaya ndefu hivyo wangewezaje kujua kiasi cha umeme kitakachofika mwisho wa safari, kama hawakujua kupima ukinzani? Mwaka 1881 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walikutana Paris. Walikubaliana kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe omu, kwa jina la mwana wa fundi makufuli wa Erlangen.

Turudi Igunga

Sasa rudi kwenye kisanduku chako. Tutalitafuta kosa kama alivyofanya Ohm: kwa kupima, si kwa kubahatisha.

Tuseme kila betri ina ukinzani wa nusu omu ndani yake. Betri 4 zina omu 2. Redio, sauti inapokuwa kubwa, ina ukinzani wa omu 10. Kama hakuna kizuizi kingine, ukinzani wote ni omu 12. Gawanya volti 6 kwa omu 12; mkondo ni nusu ya ampea. Volti zinazoifikia redio ni nusu ya ampea mara omu 10, yaani volti 5. Volti 1 hupotea ndani ya betri. Redio yaweza kusema vizuri kwa volti 5. Kwa nini basi inanyamaza?

Hatua ya kwanza. Pima volti kwenye redio wakati imefunguliwa na sauti ni kubwa. Tuseme voltimita inaonyesha volti 3 tu. Sasa umekipima chombo kikiwa na mzigo kichwani, na udhaifu wake umeonekana.

Hatua ya pili. Redio ikiwa bado imefunguliwa, pima kwenye ncha mbili za safu ya betri. Voltimita inaonyesha volti 5.4. Kwa hiyo betri zimepoteza volti 0.6 tu. Volti nyingine 2.4 zimepotelea njiani, kati ya betri na redio.

Hatua ya tatu. Ifuate njia ya umeme kipande kwa kipande. Gusa ncha mbili za voltimita kwenye miisho miwili ya kila waya, kisha kwenye pande mbili za kila kiungo. Kiungo kizuri huonyesha karibu sifuri. Unapima waya wa kwanza: karibu sifuri. Waya wa pili: karibu sifuri. Kisha unagusa ncha moja kwenye msumari wa nne, na nyingine kwenye waya unaougusa msumari huo. Voltimita inaonyesha volti 2.4. Kosa umelipata!

Hatua ya nne. Chunguza msumari ule. Una kutu, na waya umeugusa kwa ulegevu. Kutu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kiungo hicho kilikuwa na ukinzani wa omu 8. Jumla ya ukinzani ilikuwa omu 20: betri 2, kiungo 8, redio 10. Gawanya volti 6 kwa omu 20. Mkondo ulikuwa ampea 0.3. Zidisha mkondo huo kwa omu 8 za kiungo. Utapata volti 2.4 ulizozipima. Hesabu na voltimita zinasema jambo moja.

Hatua ya tano. Sugua msumari kwa msasa mpaka ung'ae. Sugua na ncha ya waya, kisha uifunge imara. Pima tena kwenye redio. Sasa utaona volti 5. Babu aweza kuongeza sauti na kusikiliza habari zake.

Umefahamu pia kwa nini ulipopima bila redio uliona volti 6? Volti hupotea katika kiungo kibovu pale tu mkondo unapopita. Pasipo mzigo, mkondo ni kidogo mno, na kiungo kibovu hufanana na kizima.

Fikiri jambo jingine. Betri 8 za tochi zilizopangwa mfululizo zina volti 12, sawa na betri ya gari dogo linalopita Igunga kwenda Nzega au Singida. Je, zaweza kuwasha mota ya gari hilo? Haziwezi. Betri ya gari ina ukinzani mdogo sana ndani yake, kwa hiyo yaweza kutoa mkondo mkubwa. Betri za tochi zina ukinzani mwingi kuliko hiyo. Zikitwikwa mzigo mzito namna ile, karibu volti zote zingepotelea ndani yake zenyewe. Volti ni zilezile, nguvu chini ya mzigo si ileile.

Tahadhari. Fanya majaribio haya kwa betri za tochi tu. Usiguse nyaya za umeme wa nguzoni, kwa maana waweza kuua. Usiunganishe ncha mbili za betri ya gari kwa waya, kwa sababu waya utawaka na kukuunguza. Hata betri za tochi usiziunganishe ncha kwa ncha bila mzigo, kwani zitapata moto na kuharibika.

Jaribio la kufanya darasani

Vitu vinavyohitajika: betri 2 za tochi, balbu ya tochi, nyaya za shaba, msumari wenye kutu, kipande cha msasa na voltimita.

1. Unganisha betri, balbu na msumari ili umeme upite katika msumari huo. Angalia mwanga wa balbu.
2. Pima volti kwenye balbu inapowaka, kisha pima kati ya waya na msumari.
3. Sugua msumari kwa msasa, unganisha tena, na upime mara ya pili.
4. Andika vipimo vyote katika jedwali. Kama kipimo kimoja hakilingani na ulichotazamia, usikifute. Tafuta sababu yake.

Maswali

1. Ohm alijifunza mambo gani kwa baba yake, na yalimsaidiaje katika majaribio?
2. Kwa nini betri ya Volta haikumfaa Ohm? Kwa nini maji yachemkayo na barafu vilimfaa zaidi?
3. Eleza maana ya waya uliofichika wa inchi 20 na robo.
4. Betri 2 zina volti 3 na ukinzani wa ndani wa omu 1. Zinaunganishwa na balbu ya omu 5. Mkondo ni ampea ngapi? Balbu inapata volti ngapi?
5. Rafiki yako amepima chombo chake cha umeme bila mzigo na kusema kwamba ni kizima. Utamwambia afanye nini kabla ya kukiamini?